MWENYE NGUVU MPISHE: JE, NDIYO SHERIA YA BARABARA?

Katika kurasa za gazeti letu tumezoea kusema habari za mishahara, likizo, nyumba na vyeo. Hayo ni mambo ya haki, wala hatutaacha kuyasema. Lakini liko jambo moja ambalo mtumishi hukutana nalo kila siku kabla hajafika mezani pake, na hukutana nalo tena jioni arudipo kwake. Nalo ni njia. Mshahara ukiongezwa, na mwenye kuupokea akauawa kando ya barabara kabla ya mwisho wa mwezi, nyongeza hiyo yamfaa nani? Kwa hiyo leo twaomba ndugu wanachama watusikilize katika habari ya usalama wa waendao kwa miguu na wapandao baisikeli.

Neno hili latuhusu sisi kuliko wengine wengi. Makarani, matarishi, wauguzi, waalimu na walinzi, walio wengi hawana motokaa. Mwenye baisikeli huipanda. Asiye nayo hutembea. Hata yule apandaye daladala ni mwenda kwa miguu mara mbili kwa kila safari: mara moja atokapo nyumbani kwenda kituoni, na mara ya pili ateremkapo kwenda kazini. Na watoto wetu, ambao kwa ajili yao twafanya kazi hii, huenda shule kwa miguu yao wenyewe, mara nyingi bila mtu mzima wa kuwashika mkono.

Mtu agongwapo barabarani, watu hukusanyika, na katika mkusanyiko ule husikiwa maneno mawili. La kwanza ni hili, "Ajali haina kinga." La pili ni hili, "Mwenye nguvu mpishe." Maneno haya ni ya wazee, nasi twawaheshimu wazee. Lakini twaona kwamba yametumiwa mahali pasipo pake. La kwanza limekuwa blanketi la kumfunika kila mtu aliyezembea. La pili limekuwa kana kwamba ni sheria ya serikali. Nia yetu ni kuonyesha kwamba ajali ina kinga, na kwamba katika nchi yenye sheria anayepaswa kupisha kwanza ni mwenye nguvu.

Tutazame hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake iliyotolewa mwaka 2023, lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu 1,190,000 walikufa katika ajali za barabarani ulimwenguni. Ukigawanya kwa siku za mwaka utapata zaidi ya watu 3,200 kila siku. Katika kila 100 waliokufa, 23 walikuwa waendao kwa miguu, na 6 walikuwa wapanda baisikeli. Basi hao wawili pamoja ni 29 katika kila 100, yaani kama watu 345,000 katika mwaka mmoja, ambao hawakuendesha chombo chochote chenye mtambo. Tena taarifa hiyo yasema kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 5 hata 29, hakuna ugonjwa wala jambo jingine liwauao wengi kuliko barabara. Hao ndio watoto wetu wa shule, na ndio vijana waanzao kazi maofisini mwetu.

Ziko habari za mama mmoja wa Uingereza, jina lake Bridget Driscoll, aliyegongwa na motokaa tarehe 17 Agosti 1896 huko Crystal Palace, London. Husemwa kwamba ndiye mwenda kwa miguu wa kwanza katika Uingereza kuuawa na motokaa ya petroli. Wachunguzi walitoa shauri kwamba kifo chake kilikuwa cha bahati mbaya, na mkuu wa uchunguzi akasema kwamba anatumaini jambo kama hilo halitatokea tena. Tangu siku ile imepita zaidi ya miaka 100, na tumaini lake tunaona limeishia wapi. Kutumaini ni kuzuri, lakini kutumaini peke yake hakujapata kusimamisha motokaa.

Lisimamishalo motokaa ni breki, na breki zina mpaka wake. Hapa twaomba msomaji achukue kalamu. Motokaa iendayo kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 kwa nukta moja ya saa. Iendayo kilomita 50 hupita karibu mita 14. Iendayo kilomita 80 hupita mita 22. Dereva aonapo hatari hahitaji pungufu ya nukta moja ili akili yake ifahamu na mguu wake ufike kwenye breki, na katika nukta ile motokaa inakwenda kama kwanza. Baada ya hapo breki huanza kushika, na njia ya kusimama huongezeka kuliko mwendo wenyewe: ukiuzidisha mwendo mara mbili, njia ya kusimama huzidi mara nne. Katika barabara kavu, na matairi mazuri, motokaa ya kilomita 30 itasimama baada ya mita kama 13 kwa jumla. Ya kilomita 50, mita kama 28. Na ya kilomita 80, mita kama 57. Barabara ikiwa na maji, au matairi yakiwa yamelika, hesabu huzidi.

Sasa fikiri mtoto aingiaye barabarani mita 15 mbele ya motokaa, akifuata mpira wake. Motokaa ya kilomita 30 itakuwa imekwisha kusimama kabla haijamfikia. Ile ya kilomita 50, breki zake zitakuwa ndiyo kwanza zinaanza kushika, nayo itamgonga kwa mwendo wake karibu wote. Mtoto ni yule yule, na kosa lake ni lile lile. Kilichobadilika ni mwendo tu. Na kwa habari ya watu wazima, Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika watu 100 wagongwao na motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa, hufa pungufu ya 20. Lakini iendapo kilomita 80, hufa karibu 60. Basi mtu akisema ajali haina kinga, na amwambie dereva aondoe mguu kidogo. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza, wala haina gharama.

Na sheria yasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 imeweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu. Sheria hiyo hiyo yamtaka dereva ampishe mwenda kwa miguu katika kivuko chenye milia kama ya pundamilia. Haikusema kwamba atapishwa ikiwa ni mtu mkubwa, wala ikiwa dereva hana haraka. Lakini ni nani kati yetu ambaye hajasimama penye milia ile, mvua ikimnyeshea au jua likimchoma, akitazama motokaa kumi na pikipiki ishirini zikipita, hata akaonwa na mmoja mwenye moyo wa huruma? Na huyo akisimama, wa nyuma yake humpigia honi kana kwamba amefanya dhambi. Hapo ndipo tuonapo kwamba mithali imeivua sheria kiti chake. Kutii sheria kumegeuzwa kuwa hisani, na mwenye haki yake huinama na kumshukuru dereva kwa mkono, kama mtu aliyepewa sadaka.

Twajua jibu litakalotolewa. Wenye motokaa watasema, "Waendao kwa miguu nao wana makosa yao. Huvuka po pote, huvaa nguo nyeusi usiku, na wapanda baisikeli hawana taa wala kengele." Neno hilo lina kweli ndani yake, wala hatutaki kulificha, maana chama kisichowaambia wanachama wake kweli hakiwafai. Yatupasa kuvuka penye kivuko ikiwa kipo karibu. Mahali pasipo na njia ya miguu, na tupite upande wa kulia wa barabara, tuzielekee motokaa zinazokuja, maana katika nchi yetu motokaa hupita kushoto, na adui umwonaye hukupa nafasi ya kuruka. Atembeaye usiku avae kitu cheupe. Baisikeli iwe na breki mbili zinazoshika, kengele, taa mbele, na kioo chekundu nyuma, ambacho bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana. Asiendeshe mtu akiwa amelewa, wala asibebe mzigo unaozidi upana wa mabega yake hata ashindwe kugeuza kichwa. Na baba anunuaye baisikeli kwa mtoto wake amfundishe kwanza uwanjani, ndipo ampeleke barabarani.

Lakini maonyo haya, ingawa ni mema, yana mwisho wake. Mtoto wa miaka 7 hawezi kupima kwa macho mwendo wa motokaa ijayo. Si kwa ukaidi, ila kwa utoto. Mzee wa miaka 70 hawezi kukimbia. Kipofu haoni nguo nyeupe ya mtu wala taa ya motokaa. Na mtu mzima mwenye akili zake, afanyeje mahali ambapo upande mmoja ni mtaro ulio wazi, upande wa pili ni ukuta wa nyumba, na katikati ni barabara bila njia ya miguu hata upana wa futi moja? Huyo amezishika amri zote, naye bado yu mkononi mwa dereva. Adabu ya mwenda kwa miguu humsaidia pale tu alipowekewa mahali pa kutembea.

Tena mahali hapo pawekwe kwa kufahamu mwili wa mwanadamu. Jirani zetu wa Kenya walifungua barabara kuu ya Thika mwaka 2012, barabara pana yenye safu nyingi za motokaa, kutoka Nairobi. Madaraja ya kuvukia watu yalijengwa juu yake. Hata hivyo watu wengi wameonekana wakivuka chini, katikati ya motokaa, na baadhi yao wamekufa. Ni rahisi kusema kwamba watu hao ni wapumbavu. Lakini mwenye motokaa akizungushwa kilomita moja hupoteza muda mfupi na petroli kidogo, akiwa amekaa kitako. Mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni akizungushwa kwa ngazi na madaraja, gharama huilipa kwa magoti yake. Mjenzi asiyelihesabu jambo hilo amejenga kitu kizuri cha kutazamwa. Kivuko kilichopo usawa wa miguu, chenye tuta la kuzipunguza motokaa mwendo, huwafaa watu wengi zaidi mitaani, na bei yake ni ndogo.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ndoto. Mifano ipo, na mmoja upo hapa hapa kwetu. Tangu mwaka 2012 shirika liitwalo Amend lilianza kazi karibu na shule za msingi za Dar es Salaam ambazo watoto wake walikuwa wakiumizwa sana. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu: njia za miguu, matuta, vivuko vyenye milia, vibao, na mahali pengine lango la shule kuhamishwa kutoka barabara kubwa kwenda barabara ndogo, pamoja na kuwafundisha watoto. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba majeraha ya watoto barabarani yalipungua kwa 26 katika kila 100. Mwaka ule ule kazi hiyo ilipewa tuzo kubwa ya kwanza ya miji ya taasisi ya World Resources Institute. Watu wa ulimwengu walikuja kuitazama kazi ya matuta na mawe ya Dar es Salaam. Je, sisi wenyewe tumeitazama?

Kadhalika, mabasi yaendayo haraka yalipoanza katika barabara ya Morogoro mwezi wa Mei 2016, barabara ile iliwekewa njia za miguu na za baisikeli kandokando. Aliyekuwa akitembea pale zamani aijua tofauti. Lakini njia hizo zataka kulindwa, maana pikipiki huingia humo, na motokaa husimamishwa juu yake, hata mwenye miguu akarudishwa barabarani. Kitu cha umma kisicho na mlinzi hugeuka kuwa cha mwenye nguvu.

Katika nchi ya Uholanzi, ambayo leo husifiwa kwa baisikeli zake, mambo hayakuwa hivyo zamani. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara za nchi ile ndogo, na miongoni mwao watoto walizidi 400. Wazazi wakatoka njiani wakadai kwamba kuuawa kwa watoto kukomeshwe. Serikali ikasikia, njia za baisikeli zikajengwa, na mitaa mingi ikawekewa mwendo mdogo. Mwaka 2023 waliokufa katika nchi hiyo walikuwa 684, ingawa watu na motokaa wameongezeka sana. Na katika mji wa Oslo, nchi ya Norwe, mwaka 2019 ulipita wote bila mwenda kwa miguu hata mmoja wala mpanda baisikeli kuuawa barabarani. Watu wa Oslo wana mifupa kama yetu na haraka kama yetu. Walichotuzidi ni kwamba waliandika shauri, wakalitia fedha, wakalifuata.

Hapo, ndugu zetu, ndipo tunapofika kwenye meza zetu wenyewe. Barabara haianzi kwa koleo; huanza kwa karatasi. Kabla ya kifusi kumwagwa, kuna barua, ramani, makadirio ya gharama na majalada, na yote hupita mikononi mwa watu kama sisi. Na sote twajua lifanyikalo fedha zisipotosha. Mstari wa kwanza kupigwa kalamu nyekundu ni ule wa njia ya miguu. Upana wa motokaa haupunguzwi hata inchi. Taa za njia hungoja mwaka mwingine. Vifuniko vya mitaro hungoja milele. Aliyeukata mstari ule hakukusudia kumwua mtu. Alitaka hesabu zilingane tu. Lakini mstari ule ulikuwa ni mtu, na baadaye hutokea katika jalada jingine, la hospitali au la polisi.

Na neno la mwisho lenye uchungu ni hili. Wako miongoni mwetu waliotembea kwa miguu miaka kumi, wakilaumu vumbi na honi. Kisha wakapanda cheo, wakakopa, wakanunua motokaa. Na mwezi haujaisha wameanza kuwapigia honi wenzao wa jana. Wako pia madereva wa motokaa za serikali waendao mbio kupita wote, na afisa amekaa nyuma, ananyamaza. Cheo ni kitu cha heshima, lakini mbele ya kivuko hakuna cheo. Afisa aliyenyamaza ameamuru.

Kwa hiyo twatoa mashauri manne, yasiyohitaji kungoja sheria mpya. Kwanza, kila mwanachama aendeshaye motokaa au pikipiki, na kila afisa aendeshwaye, ashike mwendo wa kilomita 50 penye makazi, na 30 karibu na shule, soko na hospitali, hata kama hakuna polisi. Kisha asimame kila penye kivuko. Pili, kila karani ashikaye jalada la barabara, nyumba au shule, aandike swali moja katika maelezo yake, "Mwenda kwa miguu atapita wapi?" Mkubwa wake aweza kulijibu vibaya, lakini hataweza kusema hakuulizwa. Tatu, kila ofisi iweke mahali pa salama pa baisikeli, ili mwenye nayo asione haya wala hofu ya kuibiwa. Nne, kila tawi liandike daftari la mahali pa hatari: jina la njia, saa, na jambo lililotokea. Malalamiko bila daftari hupeperushwa na upepo. Lakini daftari lenye tarehe humfanya mkubwa avae miwani yake.

Hatudai barabara za dhahabu, wala hatuwachukii wenye motokaa, maana wengi wetu twatumaini kuwa nazo. Ukiwa dhaifu, mwenye nguvu mpishe. Fanya hivyo ili uokoke, nasi twakusihi ufanye. Lakini usikubali kuambiwa kwamba hiyo ndiyo haki. Serikali na sheria ziliwekwa ili mwenye nguvu naye awe na wa kumpisha.

Matawi yote yaombwa kumpelekea Katibu madaftari yao kabla ya mkutano mkuu ujao, ili shauri hili liletwe mbele ya wakubwa likiwa na majina ya mahali na hesabu zake.